Kupima Bila Pupa

Njukini iko kwenye barabara ya kutoka Taveta kwenda Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, mpaka wa Tanzania ukiwa jirani. Ni nchi ya migomba na mifereji. Kwa miaka mingi ugonjwa uliotajwa sana huku ulikuwa malaria. Siku hizi, kwenye foleni ya kituo cha afya, utawasikia kina mama na wazee wakiulizana pia habari za presha na sukari.

Maradhi haya mawili yana undugu, na mara nyingi homoni zimo katika ukoo huo. Kongosho hutoa insulini, tezi zilizokaa juu ya figo hutoa aldosteroni, tezi ya shingo nayo ina homoni zake. Zikizidi, zikipungua au mwili usipozisikia, vinavyoumia ni moyo, figo na mishipa ya ubongo. Nimekuwa nikisoma tafiti za maradhi haya hapa Afrika Mashariki, na kila ninaposoma hunivutia zaidi kazi iliyotangulia majibu: ile kazi ya kumpima mtu sawasawa.

Chukua presha, kipimo kinachodhaniwa chepesi kuliko vyote. Kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani unaofuatwa kwenye tafiti za kitaifa, mtu hukaa ametulia kwa dakika 15, bila kukunja nne, nyayo zikiwa sakafuni. Mkono wa kushoto hulazwa mezani, kiganja kikitazama juu, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba hupanda. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba hupanda. Mtu akipiga soga au akiwa amebana mkojo, namba hupanda. Hupimwa mara 3, dakika 3 zikipita kati ya kipimo na kipimo, kisha huchukuliwa wastani wa vile viwili vya mwisho. Cha kwanza huachwa, maana mtu bado ana wasiwasi. Mpimaji hodari utamjua kwa anavyonyamaza: hamwulizi mgonjwa habari za watoto huku mashine inavuma.

Kenya ilipopima hivyo mwaka 2015, asilimia 23.8 ya watu wazima walikutwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa maishani. Namba hiyo inatisha zaidi ukirudi nyuma. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi katika eneo la Kisii, alichapisha vipimo vya watu wapatao 1,000, akaeleza kuwa kwa miaka 2 hakukuta hata mgonjwa mmoja wa presha ya juu. Kitu gani kimebadilika?

Neil Poulter na wenzake walilifuata swali hilo kwa miguu. Badala ya kulinganisha watu wa mjini na wa kijijini, ambao wanaweza kutofautiana kwa mambo mengi, waliwatafuta Waluo 325 waliohama kutoka kando ya Ziwa Viktoria kwenda Nairobi, wakawapata karibu iwezekanavyo na siku waliyofika. Wakawarudia baada ya miezi 3, 6, 12, 18 na 24. Kule kijijini waliwapima vilevile watu 267 wa umri na jinsia zinazolingana nao. Yeyote aliyewahi kumtafuta ndugu aliyehamia Nairobi, leo yuko Kariobangi, kesho kahamia kwa rafiki, anajua kumpata mara 5 ndani ya miaka 2 ni kazi ya namna gani. Majibu yalichapishwa mwaka 1990. Presha ya wahamiaji ilikuwa imepanda mapema, uzito wao nao uliongezeka, na uwiano wa sodiamu na potasiamu kwenye mkojo ulionyesha kwamba mlo wao ulikuwa umebadilika. Nasaba yao ilikuwa ileile waliyoondoka nayo nyumbani.

Sukari nayo ina subira yake. Kipimo kinachoaminika zaidi humtaka mtu alale bila kula. Asubuhi hutolewa damu, halafu hunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa kwenye maji, azimalize ndani ya dakika 5. Baada ya hapo hukaa. Hatembei, havuti sigara, hali chochote. Saa 2 zikitimia, damu hutolewa tena. Sukari ikifika milimoli 11.1 kwa lita, huo ni ugonjwa. Ikiwa kati ya 7.8 na hapo, mwili umeanza kulemewa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, D. G. McLarty na wenzake wa Tanzania walifanya hivyo kwa zaidi ya watu 6,000 katika vijiji 6, vikiwemo vya mkoa wa Kilimanjaro, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Wenye kisukari hawakufika hata mmoja kwa kila 100. Ni msingi wa thamani kubwa, kwa sababu leo mtu akisema kisukari kimeongezeka, tunajua kimeongezeka kutoka wapi.

Hata baada ya damu kutoka mwilini, kazi haijaisha. Chembe nyekundu huendelea kula sukari ndani ya kichupa, zikiipunguza kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa. Katika joto la Taveta, damu iliyosahaulika juu ya meza huweza kumtangaza mgonjwa kuwa mzima. Kwa hiyo kichupa huwekwa kwenye barafu na damu hutenganishwa upesi. Lakini ukichukua damu ya kupima renini, ile inayotoka kwenye figo kuamsha aldosteroni, barafu hiyohiyo ni adui. Baridi huigeuza renini changa kuwa iliyokomaa, na jibu likaja kubwa kuliko ukweli. Kichupa hiki kwenye barafu, kile mbali na barafu, vyote vya mtu mmoja, asubuhi moja. Ajuaye tofauti hiyo na kuishika siku nzima, hata foleni ikiwa ndefu, ni fundi.

Na ufundi huo huzaa matunda. Aldosteroni hufanya kazi kama mgawa zamu kwenye mfereji: ndiyo huamua chumvi kiasi gani irudishwe mwilini na figo, na maji hufuata chumvi. Ikizidi, presha hupanda na dawa za kawaida hushindwa. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti mdogo wa watu wapatao 100 wa Nigeria, Kenya na Afrika Kusini ambao presha yao ilikuwa imegoma kushuka. Nusu walitibiwa kama kawaida. Wengine walipimwa kwanza renini na aldosteroni, dawa ikachaguliwa kulingana na homoni ya kila mmoja: spironolaktoni kwa ambao aldosteroni yao ilikuwa juu na renini chini, amiloridi kwa ambao zote mbili zilikuwa chini. Baada ya mwaka mmoja, kundi hili la pili lilikuwa na watu wengi zaidi ambao presha yao imetulia. Dawa hizo zilikuwepo kwa miaka mingi. Kilichoongezeka ni kipimo kilichofanywa vizuri.

Taveta si mgeni wa tafiti za namna hii. Kuanzia 1954 mpango wa malaria wa Pare na Taveta ulipima watu wa pande zote mbili za mpaka. Nyumba zikapuliziwa dieldrini hadi 1959, na ufuatiliaji ukaendelea hadi 1966. Vifo vya watoto wachanga vilipungua. Mwaka huohuo wa 1954, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba waliorithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali.

Hapo ndipo malaria ya zamani inapokutana na kisukari cha leo. Hospitali nyingi sasa hupima sukari ya miezi 3, yaani HbA1c, inayosoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu. Kipimo hicho ni chepesi, hakihitaji kulala na njaa. Lakini kinategemea chembe kuishi siku zake, kama 120. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba kwa Wamarekani weusi wenye selimundu ya mzazi mmoja jibu hushuka kwa pointi 0.3 hivi, na kwa wanaume wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD hushuka kwa takriban pointi 0.8. Mpaka wa ugonjwa ukiwa asilimia 6.5, mtu mwenye kisukari anaweza kuambiwa yuko salama mpaka figo zitakapomjulisha. Hali zote mbili za damu zimeenea kwenye nchi zilizoishi na malaria, na Taveta ni mojawapo.

Tangu 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii mashine za presha na za sukari, na wanapita nyumba kwa nyumba. Hilo ni jema, nami nalishangilia. Kinachofuata ni kuwapa muda wa kupima mara 3 na kuwaheshimu wanapotuambia tukae tunyamaze kwanza. Na wasomi wetu, kutoka Voi hadi Nairobi, wana swali linalowangoja: kwa mtu wa nchi ya malaria, kisukari kianzie namba gani? Jibu haliwezi kuagizwa kutoka kokote. Litapatikana kwa watu wa Njukini wenyewe kulala bila kula, kunywa gramu 75 za glukosi na kukaa saa 2, mbele ya mpimaji asiye na haraka.