Kabla Jiwe Halijatajwa Jina

Katika mitaa ya Arusha karibu na Mnara wa Saa, mwenye macho mazuri hakosi riziki. Dalali hufungua karatasi iliyokunjwa mara nyingi, humimina vijiwe kiganjani, huvigeuza juani, huvimulika kwa tochi kutoka chini, na kabla hamjamaliza kusalimiana keshakwambia: hii tanzanaiti, hii rodolaiti ya Umba, hii spineli ya Mahenge. Mara nyingi yuko sahihi. Nawaheshimu watu hawa. Wamejifunza kwa kushika mawe mengi na kwa kupoteza fedha zao wenyewe, na sijui chuo chenye kiboko kikali kuliko hicho. Lakini ufundi ninaotaka kuusifu hapa ni wa mtu mwingine, anayekaa mezani chini ya taa, ambaye ukimpa jiwe lilelile hatakutajia jina lake. Kwanza atalifuta.

Hulifuta kwa sababu vumbi lililotua juu ya jiwe, likitazamwa kwa lenzi ya kukuza mara 10, huweza kudhaniwa ni chembe iliyomo ndani. Kisha hulishika kwa kibano pale kiunoni, kwenye ukingo ambapo sehemu ya juu na ya chini zinakutana. Hakibani sana, maana jiwe likibanwa kupita kiasi huruka, na darasa zima huishia kupiga magoti likilitafuta chini ya meza. Lenzi huja karibu kabisa na jicho. Mkono ulioshika lenzi huegemea shavuni, na ule wa kibano huegemea mkono wa kwanza, ili vitu vyote vitatu, jicho, lenzi na jiwe, kama ni kutikisika vitikisike pamoja. Ukimkuta mtu amekaa hivyo dakika nzima bila kusema neno, usimwamkie kwanza.

Tuseme jiwe ni la buluu yenye zambarau, limeshakatwa na kung'arishwa, na mwenyewe anaapa kuwa ni tanzanaiti ya Mirerani. Huenda ni kweli. Huenda pia ni safaya, au kioo, au spineli iliyotoka kiwandani, au forsteraiti, ambayo nayo hutengenezwa na kutiwa rangi hiyohiyo. Chini ya taa za dukani vyote vitano huweza kupita, na mwenye jicho zuri hawezi kukuhakikishia lolote zaidi ya kwamba jiwe linapendeza.

Hapo hutolewa refraktomita, kisanduku kidogo cha kushika mkononi chenye kipande cha kioo kizito juu yake. Mpimaji hudondosha tone la kimiminika chenye harufu ya kiberiti, kisha hulaza uso mpana wa jiwe juu ya tone hilo. Tone likizidi, jiwe huelea. Likipungua, hewa huingia kati na hakisomeki kitu. Anayechungulia ndani huona mizani ya namba, na juu ya mizani huona mpaka wa kivuli na mwanga. Namba iliyopo penye mpaka huo hueleza jinsi mwanga unavyopinda unapoingia katika jiwe. Husoma, huzungusha jiwe kidogo, husoma tena, huzungusha tena, mpaka nusu duara imalizike. Kioo hutoa namba moja tu, nayo haisogei hata ukizungusha kutwa. Spineli ya kiwandani nayo ina namba moja, karibu 1.728. Safaya ina mbili, 1.762 na 1.770. Tanzanaiti ina 1.691 na 1.700. Tofauti hiyo ya 0.009 haionekani kwa mtu mwenye haraka, ilhali huweza kubeba bei ya gari.

Forsteraiti hujisaliti mapema zaidi. Namba zake ziko chini, kati ya 1.63 na 1.67, na zimeachana kiasi kwamba hata lenzi ya mkononi inatosha: ukitazama kupitia uso wa mbele, kingo za nyuma zinaonekana mbilimbili. Mwanafunzi akishaona hivyo mara moja hasahau.

Kipimo kinachofuata ndicho ninachokipenda kuliko vyote, labda kwa kuwa hakina namba. Dikroskopu ni kijibomba kifupi chenye kipande cha kalsaiti ndani. Kalsaiti huugawa mwanga mara mbili, hivyo mtazamaji huona madirisha mawili madogo yaliyokaa kando kwa kando. Weka kioo mbele yake, madirisha yote yatakuwa na rangi moja. Weka tanzanaiti, na dirisha moja litakuwa la buluu, la pili la zambarau. Ligeuze upande mwingine. Kama halijawahi kuchomwa, itajitokeza rangi ya tatu, ya kahawia au manjano iliyochanganyika na kijani. Jiwe ni lilelile, taa ni ileile. Tanzanaiti nyingi hutoka ardhini zikiwa na ukahawia, na buluu ya dukani hupatikana baada ya kuzipasha moto kiasi cha nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi. Moto huo haudanganyi mtu, maana biashara nzima inaujua, lakini huondoa ile rangi ya tatu. Kwa hiyo kijibomba kisicho hata na betri kinaweza kukudokeza kama jiwe limepita jikoni.

Jiwe hili lenyewe lilianza maisha yake sokoni kwa jina lisilo lake. Lilipopatikana Mirerani mwaka 1967, katika historia inayomtaja Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wake, kuna waliolidhania safaya. Rangi iliruhusu dhana hiyo, vipimo havikuiruhusu. Walioyachunguza mawe hayo kwa subira, akiwamo mtaalamu wa jiolojia wa serikali aliyekuwa Dodoma, walikuta ni zoisaiti, madini yaliyokuwa yanajulikana tangu zamani lakini hayajawahi kuonekana katika buluu ya namna ile, inayotokana na chembechembe za vanadiumu. Kampuni ya Tiffany ya New York ndiyo iliyokuja kulipa jina la tanzanaiti mwaka 1968. Kila mtu anayakumbuka majina mazuri. Mimi humfikiria zaidi yule wa Dodoma, na vipimo ambavyo havikukubaliana na rangi.

Kisa kikubwa kuliko vyote cha aina hii kilitokea Dublin, Oktoba 1945. Richard Taaffe, mtu aliyeendesha maisha yake kwa kutazama vito, alinunua kwa sonara mkusanyo wa mawe yaliyochomolewa kwenye mapambo makuukuu, akakaa kuyachambua. Moja, la urujuani uliofifia na lisilofika karati moja na nusu, lilikuwa spineli kwa kila dalili: rangi ya spineli, uzito wa spineli, na mwanga ulipinda karibu sawa na katika spineli. Wengi wangelitupa kwenye kikasha cha spineli na kuendelea na jingine. Taaffe aliliweka chini ya hadubini, akaona kwamba mikwaruzo na punje za vumbi za upande wa nyuma zinaonekana mbilimbili. Spineli haifanyi hivyo kamwe. Akalipeleka London kwa Basil Anderson, aliyekuwa akiendesha maabara ya vito huko, naye pamoja na mwenzake wakashindwa kulilinganisha na kitu chochote kilichojulikana. Kufikia mwaka 1951 ilikuwa imethibitika kwamba ni madini mapya, yakaitwa taafeiti. Madini mengine hugunduliwa porini, ndani ya mwamba. Haya yaligunduliwa yakiwa yameshakatwa na kung'arishwa, yaani yalishapita mikononi mwa mkataji, sonara na mvaaji, na hakuna aliyeyatilia shaka. Miaka mingi baadaye yalionekana pia katika mawe ya Tunduru, kusini mwa Tanzania. Sijui ni vipande vingapi vimekwisha kuuzwa huko kwa jina la spineli.

Ndani ya jiwe kuna kazi nyingine kabisa. Tangu Mfaransa Auguste Verneuil alipotangaza mwaka 1902 njia ya kutengeneza rubi kwa mwali wa moto, swali la mjimolojia, yaani mtaalamu wa vito, halikomei tena kwenye jiwe ni nini, maana rubi ya kiwandani ni rubi kwa kila namba. Swali ni limekulia wapi. Rubi ya Verneuil hukua tabaka juu ya tabaka, na tabaka hizo hubaki ndani kama mistari ya santuri, imepinda kwa upole. Aghalabu kuna pia vipovu vya hewa. Katika rubi ya ardhini mistari ya ukuaji hunyooka na kukutana kwa pembe. Mwanafunzi hulishika somo hilo kwa furaha: mpindo ni kiwanda. Halafu mwaka 2008 soko likajaa rubi za Winza, wilayani Mpwapwa, mawe mekundu safi kutoka ardhini, na ndani mwake mlikuwa na nyuzi zilizopinda, nyingine zimejisokota, baadhi zikiwa na rangi ya machungwa. Aliyekariri kanuni alihangaika. Aliyezoea kutazama aliona kwamba mpindo huu si ule, na leo nyuzi hizo ni miongoni mwa dalili zinazosaidia kuitambua rubi ya Winza.

Mafunzo yenyewe yamejengwa juu ya tahadhari hiyo. Uingereza, masomo ya vito yalianza kupangwa mwaka 1908 na mtihani wa kwanza ukafanyika 1913. Taasisi ya GIA ya Marekani, iliyoanzishwa na Robert Shipley mwaka 1931, ina mtihani wa vitendo unaosimuliwa kwa hofu mpaka leo: mtahiniwa hupewa mawe 20, na alama ya kufaulu ni 100 kwa 100. Mawe 19 sahihi ni kushindwa. Unarudi kufanya mtihani mwingine. Wapo wanaoona ni ukatili. Mimi naona ni haki, kwa sababu mteja hana mawe 20, analo moja. Arusha nako kipo Kituo cha Jimolojia Tanzania, ambako vijana hujifunza kutambua, kukata na kung'arisha mawe yaliyochimbwa nchini mwao, badala ya kuyaona yakipanda ndege yakiwa ghafi na kurudi kwenye picha za matangazo.

Anayemaliza masomo hayo huondoka na tabia moja ambayo wateja huichukia mwanzoni: husema hawezi kuamua. Jiwe limechomwa? Dalili hazitoshi. Limetoka Umba au Sri Lanka? Dalili hazitoshi. Mtu amelipa, amesubiri, na anataka karatasi yenye jibu, naye anapewa karatasi inayoeleza kilichopimwa na kilichoshindikana. Karatasi hiyo ndiyo ningeiamini.

Elimu hii siku hizi haibaki maabara. Katika mkoa wa Tanga, ukanda wa Umba, wachimbaji wadogo, wengi wao wanawake wa TAWOMA, chama cha wachimbaji wanawake, walifundishwa na watu wa GIA kwa kijitabu cha Kiswahili na sinia maalumu linalopitisha mwanga, ambalo mawe humwagwa juu yake ili uwazi, rangi na nyufa vionekane. Hakuna refraktomita hapo, wala tone linalonuka kiberiti. Kuna sinia, jua, na mtu aliyefundishwa kutenganisha ganeti na kipande cha chupa, na kuliweka kando jiwe asilolielewa. Dalali akija na kuuliza hilo la pembeni ni nini, sasa anaweza kujibiwa kwamba bado linatazamwa.