Sikio la Fundi wa Nozo

Ukiifungua nozo ya injini ya dizeli unakuta sindano fupi ya chuma imekaa ndani ya bodi yake kwa kubana kweli kweli. Gawanya milimita moja mara elfu, chukua vipande viwili, mwisho vinne: ndiyo nafasi iliyobaki kati ya vyuma hivyo viwili. Sindano na bodi vimesagwa kiwandani vikiwa jozi, kila kimoja na mwenzake, ndiyo maana fundi anayeijua kazi hafungui nozo sita akazimwaga kwenye sinia moja. Kila sindano inalala na bodi yake ndani ya kikopo cha dizeli safi, na kikopo kimeandikwa namba ya silinda ilikotoka. Ukikuta gereji ambako sindano zote zimechanganywa, chukua gari lako uondoke. Usisubiri hata chenji.

Hapa Dar es Salaam mafundi wa pampu na nozo utawapata Gerezani na kwingineko kwenye mitaa ya gereji, nao ni watu wa pekee kidogo kati ya mafundi. Nje kuna matope ya oili, kelele za nyundo na vijana waliolala chini ya magari. Chumba cha fundi wa nozo kina mlango unaofungwa, meza inayofutwa kila saa, na sakafu inayomwagiwa maji kabla ya kufagiliwa ili vumbi lisiruke. Mteja haruhusiwi kuegemea meza. Wengi humwona ana maringo. Mimi nadhani ana sababu.

Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto kama ya petroli. Hewa inabanwa mpaka inachemka, kisha mafuta yanapulizwa ndani yake na kuwaka yenyewe. Chukua 1HZ, ile injini ya Toyota yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, ambayo imebeba Land Cruiser za porini na Coaster nyingi za daladala. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila nozo inapuliza mara 25 kwa sekunde moja. Zote sita kwa pamoja ni mara 150. Kila mpulizo unatakiwa uanze ghafla, utoke kama ukungu, na ukatike papo hapo. Ukungu unapata hewa pande zote na unaungua ukaisha. Tone nene linaungua nje tu. Katikati hewa haifiki, na kinachobaki ni masizi. Hayo masizi ndiyo moshi mweusi tii unaomwagikia abiria waliosimama kituoni.

Na si suala la nguo kuchafuka tu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Konda anayening'inia mlangoni kutwa nzima anauvuta kuliko wengi.

Fundi hodari haanzi na nozo. Anaanza na maswali, na kwanza anautazama moshi wenyewe. Ukiwa wa buluu, anamrudishia mwenye gari ufunguo: hiyo ni oili inaungua, kamtafute fundi wa injini akuangalizie ringi za pistoni na sili za valvu. Ukiwa mweupe unaochoma macho, dizeli inatoka bila kuungua, na anaanza kushuku majira ya pampu. Ukiwa mweusi anafungua filta ya hewa. Mara ngapi kazi inaishia hapo! Filta imejaa vumbi la barabara za Mbagala na Chanika, injini inakosa pumzi, na mwenye gari alishajiandaa kulipia nozo sita. Fundi mwenye njaa angezifungua hivyo hivyo. Huyu ninayemsifu anasema, "Bosi, kanunue filta, tembeza wiki moja, moshi ukibaki ndio uje."

Unapobaki, anakuja kwenye mashine yake ya kupimia: mpini mmoja, tangi dogo la mafuta, geji ya mduara na bomba jembamba. Anaifunga nozo kwenye bomba, anasukuma mpini taratibu huku jicho liko kwenye geji. Nozo ya 1HZ inatakiwa ifunguke kwenye bar 150 hivi, shinikizo lipatalo mara 70 ya lile la tairi la gari dogo. Mkono wake mwingine uko nyuma ya mgongo, na si kwa mbwembwe. Mpulizo wa namna hiyo unapenya ngozi bila kuuma sana, na dizeli iliyoingia mwilini inaweza kumfanya mtu akatwe kidole.

Hapo ndipo sikio linapoingia kazini. Nozo nzima, mpini ukisukumwa polepole, inatoa mkwaruzo mfupi mfupi, krr, krr, krr, kwa sababu sindano inainuka na kukaa, inainuka na kukaa. Iliyochoka inatoa mlio mzito, au inanyamaza kabisa na kuchuruzika. "Hii inakojoa," fundi anasema, na msaidizi wake ameshaiweka pembeni kabla sentensi haijaisha. Kisha kuna jaribio ambalo wenye haraka hulikwepa: anapandisha shinikizo mpaka chini kidogo ya pale nozo inapofungukia, halafu anaushikilia mpini kwa sekunde 10. Anatazama ncha. Ikilowana ni sawa. Tone likidondoka, haijafuzu.

Kusafisha kwenyewe ni kazi ya kujizuia. Masizi magumu yaliyoganda kwenye mdomo wa nozo yanamshawishi mtu achukue msasa au brashi ya waya wa chuma, na dakika moja ya msasa inaua kilichosagwa kiwandani kwa vipimo nilivyotaja. Fundi anatumia brashi ya shaba nyeupe, kijiti cha mti kwa ndani, na dizeli safi, basi. Anarudia. Anaosha, anainua kwenye mwanga, anaosha tena. Akimaliza anaiinamisha bodi, anaivuta sindano nje kama theluthi moja, anaiachia. Inatakiwa izame kwa uzito wake yenyewe, bila kukwama na bila kuanguka kwa kishindo. Anaizungusha kidogo na kuijaribu tena, kwa maana sindano inaweza kuzama vizuri upande mmoja na kukwama upande mwingine. Ikikwama kila mara, jozi nzima inatupwa. Hakuna kuibembeleza.

Kisha anapanga shinikizo kwa washa nyembamba zinazokaa juu ya springi. Tofauti ya milimita 0.025 ya unene inabadilisha shinikizo kwa bar tatu au nne. Anazo kwenye kopo, zimepangwa kwa unene, na anatafuta mpaka nozo zote sita zifanane. Wateja wengi hawaelewi kwa nini anahangaika hivyo wakati kila moja "inapiga" vizuri. Nozo tano nzuri na moja iliyolegea zinatosha kutoa moshi na kuifanya injini itetemeke ikiwa sailensa, yaani ikizunguka bila gari kutembea.

Chupa za dawa ya kusafisha mfumo wa mafuta, zile za kumimina kwenye tangi, anazijua. Zinaweza kulainisha uchafu uliogandia kwenye ncha, hasa ukiwa bado mchanga. Kiti cha sindano kilichokwisha kulika hakirudishwi na chupa yoyote. Wenye kumbukumbu watakwambia adui mkubwa wa vyuma hivi alikuwa mafuta ya taa. Dizeli hulainisha pampu inapopita. Mafuta ya taa ni makavu, na yalipochanganywa kwenye dizeli yalisaga pampu na nozo za watu. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchakachua.  Mambo hayo mawili yameokoa nozo nyingi, ingawa yameupunguza mkate wa fundi.

Kishawishi chake kiko kwingine. Pampu ina skrubu inayopanga kiasi cha juu cha mafuta, imefungwa kwa lakiri, na dereva wa lori anayepanda mlima Kitonga na mzigo anaitaka iongezwe. Gari linapata nguvu kidogo, na kwenye kona linaacha wingu jeusi ambalo baiskeli inapotea ndani yake. Wapo mafundi wanaokata lakiri kwa elfu chache. Siwezi kuwaita wabaya, njaa ni njaa, lakini anayekataa na kumpoteza mteja huyo kwa jirani anastahili kutajwa.

Magari mapya yamemzidi. Nozo zinazoendeshwa kwa kompyuta zinafanya kazi kwa bar 1,600 na zaidi, na mpini wake haufiki huko. Anawaelekeza wenye nayo kwa kijana mwenye mashine ya umeme mtaa wa pili, bila kinyongo. Kinachomuudhi ni wanaong'oa masega ya kusafishia moshi yaliyo kwenye bomba lake kuuza madini yaliyomo, kisha wanamletea gari wakilalamika kwamba linanuka.

Wakati wa kufunga ndipo ubishi wa mwisho unapoanza. Chini ya kila nozo kuna washa ya kuziba, na fundi anataka mpya sita. Dereva anaziokota za zamani, anazipangusa kwa kidole, anasema mbona nzima kabisa, fundi, tusiumizane. Fundi hajibu. Amezifunika nozo kwa kitambaa safi, amekaa kwenye stuli, anakunywa chai. Baada ya muda dereva anamwita konda, anampa noti, anamwambia akimbie dukani.