Kitanzi cha Mguu

Kitanzi kikishika shingo, mtegaji amekula hasara. Ndege aliyenyongwa ni mzoga, na Surat al-Maida haikuacha nafasi ya ubishi katika hilo. Basi mtegaji wa Pemba, Muislamu kama walivyo karibu wote kisiwani, ana mtihani ambao mwenye bunduki haujui: kitanzi kishike mguu, kibane bila kukata, na yeye mwenyewe awahi na kisu ndege akiwa hai. Ufundi wake wote umeota kwenye sharti hilo. Urefu wa fito, wepesi wa kijiti cha kufyatukia, upana wa kitanzi, hata saa ya kuamka, vyote vinafuata hapo.

Ukiupa mgongo uwanja wa mpira wa Gombani ukashuka makondeni, unaingia katika mambo mengine ya kuchanganya. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma. Sheria ya ardhi ya 1992 imesema hivyo, na watu walikwisha kuzoea tangu Mapinduzi ya 1964, shamba zilipotaifishwa na familia kugaiwa eka tatu tatu. Lakini mti una mwenyewe. Mkarafuu huu wa fulani, mnazi ule wa shangazi yake, mshelisheli wa mayatima. Mtegaji anakanyaga ardhi ya wote chini ya miti ya watu, na njiwa anayemtaka si wa mtu yeyote mpaka anase. Msimu wa karafuu ndio mbaya zaidi. Anayeonekana shambani alfajiri ana kamba mkononi huitiwa mwizi kwanza, salamu baadaye.

“Unatafuta nini humu, mwanangu?”

“Natazama mtego wangu, mzee.”

“Wa ndege, au wa karafuu zangu?”

Hapo kijana hana budi kumpeleka mzee mpaka penye mtego, amwoneshe fito iliyopindwa na punje za mpunga. Wengi wamepata ruhusa ya kudumu kwa njia hiyo, maana mzee akishauona mtego uliotegwa vizuri huanza kuukosoa, na anayekukosoa ameshakukubali.

Tumezoea kusema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Anayetega ndege analijua hilo kwa vitendo. Asubuhi anamkuta kuku wa jirani, ametulia kama mgeni aliyekosea nyumba. Au anakuta manyoya tu, na alama za ngawa aliyeamka mapema kuliko yeye. Wale wa urimbo ndio wanaochekesha. Wanachemsha utomvu wa fenesi, wanapaka vijiti, wanapanda navyo mtini, kumbe mti una majimoto. Anayeshuka ana urimbo kwenye nywele na chungu ndani ya shati, na njiwa wametua mti wa pili wanamtazama.

Vichekesho hivi si vya kwetu tu. Wamarekani wana mchezo wao wa bata mzinga wa mwituni. Mwindaji hukaa chini ya mti kwenye misitu ya umma, akaigiza sauti ya jike ili dume lije. Msitu ukiwa wa wote, mara nyingine anayejibu ni mwindaji mwenziwe aliyejificha kichaka cha pili, kila mmoja akiamini amepata dume la maana. Vijana wa kwetu wanaoita njiwa kwa viganja watalielewa hilo bila kuelezwa. Tofauti ni kwamba kule mkononi mna bunduki, na kosa la sikio laweza kuua mtu.

Ndiyo maana nausifu mguu. Kuku wa jirani anarudishwa mzima, na kesi haifiki kwa sheha. Ninga wa Pemba, mmoja wa ndege wanne wasiopatikana penginepo duniani, akinasa kwa bahati mbaya anafunguliwa akaruka. Aliyeganda kwenye urimbo ana shida zaidi, lakini mafuta ya nazi na subira huweza kumwokoa. Kosa la mtegaji lina dawa. La risasi halina, na popo wakubwa wa kisiwa hiki wana ushahidi. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki elfu chache tu, kwa kuwindwa na kwa kukatwa miti. Wameongezeka sana tangu vijiji, Kidike kikiwa mfano, vilipoamua kuwalinda katika miti wanayolala, mingine ikiwa ya makaburini ambako mtu hathubutu kutia shoka.

Hata bata mzinga wa Marekani, waliokaribia kwisha mwanzoni mwa karne ya 20, walirudishwa kwa nyavu: walinaswa hai, wakapelekwa misitu iliyokuwa haina kitu. Kima punju walioletwa hapa Pemba, msitu wa Ngezi, kutoka Unguja miaka ya 1970 nao hawakuja kwa hiari yao. Kuna mtu alijua kukamata bila kuumiza. Sijui kwa nini ustadi huu hausifiwi kama wa mvuvi au seremala wa majahazi.

Sifa zina mpaka, lakini. Kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Unguja miaka ya 1890, ni ndege ambaye kila mtu angefurahi akinaswa, na ndiye anayeuchungulia mtego, akala kilicho pembeni, akaenda zake. Wala si kila anayetega ni fundi. Siku hizi wengi hutumia mshipi wa nailoni. Ni rahisi na hauonekani, ila hukata mguu, na haupatani na usahaulifu wa binadamu. Kamba ya mgomba iliyosahauliwa kondeni huoza kwa mvua, mtego ukafa wenyewe. Nailoni haiozi. Inaendelea kunasa, mwaka hata mwaka, na hakuna anayekuja na kisu. Ndiyo maana mafundi wa zamani huhesabu vitanzi wakati wa kutoka na wakati wa kurudi, na kijana aliyepungukiwa na kimoja hurudishwa kondeni kukitafuta, hata kama wenziwe wameshaanza kula.