Mahali Unapoungwa Ukili

Mkeka tuliotandika ukumbini Desemba 2023 haufanani pande zake mbili. Upande wa kibla ni mweupe mtupu, weupe wa ukindu uliokaushwa juani na kuachwa ulivyo. Ukisogea kuelekea mlangoni unakutana na mstari mmoja mwembamba mwekundu, kisha miwili, kisha wekundu na zambarau vinapandana mpaka kwenye pindo. Mgeni anaweza kudhani rangi ilikosekana dukani ikaja kupatikana baadaye. Sisi wa nyumba hii tunajua kwamba weupe unapoishia ndipo mama alipotoka eda.

Baba alifariki Desemba 2022, kaskazi ndiyo kwanza inaanza kuvuma. Mimi nilikuwa karani wa hesabu Dar es Salaam, naishi Temeke, nagombea daladala kabla hakujapambazuka. Nilipanda boti kuja Pemba na begi la nguo za siku saba. Sikurudi. Ndugu zangu wana watoto shuleni, mimi sina, na mama asingeweza kukaa eda peke yake katika nyumba ambayo maji yake ni ya kisimani. Basi mshahara ukakoma, simu za kazini zikapungua hadi zikanyamaza, nikazoea tena kuteka maji alfajiri na kupika kwa kuni. Hayo yote mwili uliyakumbuka wenyewe, kwa kuwa ndimo nilimokulia. Kilichonielemea ni mchana. Mchana wa nyumba yenye eda ni mrefu sana.

Miezi minne na siku kumi mjane hatoki ila kwa dharura, hajipambi wala hajitii manukato. Wiki ya kwanza watu walijaa, ya pili wakapungua, ya tatu tukabaki wawili na saa ya ukutani. Siku moja ya wiki hiyo mama aliniomba nimshushie fungu la miyaa lililokuwa juu darini tangu kabla baba hajaugua. Akailowesha, akaifunika kwa kitambaa kibichi, akakaa. Baada ya muda akasema, "Nishikie ncha hii, mwanangu." Hakunikaribisha kwa neno jingine zaidi ya hilo.

Nilikuwa nimekua ndani ya ukili bila kuujua. Nimelala juu ya mkeka, nimekula chakula kilichofunikwa kwa kawa, nimebeba mihogo kwa kikapu, na vyote hivyo huanza kwa ukanda ule ule mwembamba unaosukwa kwa vidole. Mtu akifika nyumbani huona kitu kizima, mkeka au kikapu. Kazi yenyewe haionekani, kwa sababu imegawanywa katika siku nyingi mno.

Kazi inaanzia bondeni, kwenye mkindu. Linakatwa kuti changa ambalo halijafunguka, na mkataji ajihadhari na miiba iliyojipanga chini ya kuti, inayochoma kama sindano. Linaanikwa siku kadhaa mpaka ukijani utoke. Kisha mwaa mmoja mmoja unachanwa kwa ncha ya sindano, na hapo ndipo msusi hodari anapojulikana, maana ukichana upana usiolingana hakuna ustadi wa baadaye utakaouficha. Mama alichana bila kutazama. Mimi nilitumia siku nne nzima kujifunza kuchana tu, na sehemu kubwa ya niliyochana ikaishia jikoni kuwashia moto.

Alinianzishia ukili wa miyaa saba. Wa ukingoni unakunjwa, unaingia kati, unapita juu, chini, juu, chini, mpaka unatokea ukingo wa pili; halafu zamu ya mwenzake. Mwezi wa Januari upepo mkavu wa kaskazi hukausha ukindu mikononi, ukiuvuta unakatika, ikabidi nichovye vidole kwenye bakuli la maji kila baada ya muda mfupi. Masika mambo hugeuka: miyaa inalainika vizuri, lakini ukili uliokwisha kusukwa unaota ukungu usipoutoa nje kila jua linapochungulia. Kwa hiyo msusi hupima hewa kwa vidole. Jirani yetu mmoja, bibi ambaye macho yamekwisha kumtupa mkono, alikuja kumjulia hali mama akaupapasa ukili wangu wa Februari. "Huu mkono wa mtu mwenye haraka," alisema. Ilikuwa kweli. Kila nilipowaza Dar es Salaam nilivuta kwa nguvu, na ukanda ukapinda kama njia ya ng'ombe.

Lakini ningeulizwa ni wapi hasa fundi wa ukili anapostahili kuvuliwa kofia, ningesema ni kwenye kuunga. Mwaa ni mfupi, ukili ni mrefu. Mkeka mmoja mkubwa unataka pima nyingi, na pima ni mikono minne. Maana yake ni kwamba kila baada ya muda mfupi mwaa unaishia mkononi mwako. Asiyejua husubiri uishe ndipo atafute mwingine, na hapo tayari amechelewa. Mwaa mpya unalazwa juu ya ule wa zamani ungali na urefu wake. Miwili hiyo inakwenda pamoja kwa safari fupi, ikipita juu na chini kama kitu kimoja. Kisha ule wa zamani unaachwa utoke nyuma, na mpya unaendelea peke yake. Ncha iliyotoka haikatwi siku hiyo, inasubiri mpaka mwisho.

Kuna sharti moja ambalo mama alilirudia kuliko yote: miyaa miwili isiishie mahali pamoja. Ukiona miwili inakaribia kwisha sambamba, wahi kuunga mmoja mapema, hata kama bado una urefu, la sivyo ukili utakatika papo hapo siku ya kushona. Nilipoelezwa hayo kwa mara ya kwanza niliweka kazi chini. Baba, kazi, chumba changu cha Temeke, marafiki wa kila jioni, vyote vilikuwa vimeishia katika mwezi mmoja. Mama alinitazama, akauchukua ukili wangu, akaunga mwaa, akanirudishia. Hatukulizungumza jambo hilo siku ile, wala baadaye.

Muda wote wa eda alisuka mweupe mtupu. Hakuna aliyemwagiza, ukindu haumo katika mapambo yanayokatazwa. Aliona tu kwamba rangi haikai sawa. Alipotoka eda ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, Aprili 2023, siku chache kabla ya Idi. Baada ya sikukuu aliniagiza rangi ya unga mjini Wete. Zamani, aliniambia, weusi ulitoka kwenye mizizi ya mdaa, na ilichukua siku nyingi kuliko kwenda dukani. Tukachemsha miyaa kwenye sufuria kuukuu, vidole vyetu vikawa vyekundu kama vya maharusi. Hakuanza ukili mpya. Alirudi kwenye ule ule mweupe, akachukua mwaa mmoja mwekundu, akauunga.

Kipupwe kilipoingia tuliyashusha majamvi ya baba ya kuanikia karafuu. Nilizika uso wangu ndani yake. Karafuu ikishaingia kwenye jamvi haitoki tena. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kukiacha kisiwa hiki bila madhara makubwa, na tangu wakati huo Pemba ndiyo imekuwa kitovu cha zao hilo. Shuleni tulisomeshwa habari za masultani, mashamba na bei. Hatukusomeshwa jamvi. Hata hivyo karafuu za miaka yote hiyo zililazwa kwanza juu ya kazi ya mikono ya wanawake, zikakauka hapo, zikageuka rangi hapo, ndipo zikaingia magunia na meli. Naona ni deni kubwa, na sijaona pa kulidai isipokuwa katika maandishi kama haya.

Siilaani mikeka ya plastiki. Ni rahisi, inafutika kwa maji, na mama mwenye watoto sita hana nafasi ya kusubiri mwaka mzima apate pa kuwalaza. Tanzania Bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, niliona vikapu vikirudi mikononi mwa watu Kariakoo, nikafurahi bila kujiuliza nani aliyevisuka. Leo nauliza. Na ninapomsikia mtoto akisema usiache mbachao kwa msala upitao, natamani aoneshwe mbachao wenyewe, mkeka uliochakaa kwa kusujudiwa, auguse mahali magoti yalipoulainisha. Methali ile ilitungwa na mtu aliyejua uzito wa pima moja ya ukili.

Wiki mbili kabla ya khitma ya mwaka mama alianza kushona, ukanda kando ya ukanda. Alipofika kwenye ukili wangu uliopinda nikamwomba anipe niufumue. "Huu ndio wa Februari," alisema, akachoma sindano. Umo, katikati ya weupe, na ukikaa hapo unausikia umeinuka kidogo.

Wageni walipoondoka siku ile ya khitma tuliugeuza mkeka tukate ncha zilizobaki nyuma. Zilikuwa nyingi, zimesimama kama ndevu, kila moja mahali mwaa fulani ulipoishia. Mama alikata upande wake na mimi wangu mpaka mikasi ikakutana. Kisha nikapitisha kiganja taratibu kutoka kwenye weupe kwenda kwenye wekundu, nikitafuta mahali alipounga ule mwaa wa kwanza. Nilipaona kwa macho. Nikayafumba, nikajaribu tena kwa vidole, mara mbili, mara tatu, sikupapata.