Kusawazisha au Kuoanisha?

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizokwisha kuota mizizi, neno kusawazisha lastahili kupimwa upya. Hutumika kueleza jinsi programu inavyounganisha kanzidata ya mradi na kalenda ya mtandaoni, ili tarehe ikibadilishwa upande mmoja ibadilike yenyewe upande wa pili. Neno ni jepesi kutamka na limezoeleka. Twadai tu kwamba halimudu mzigo lililotwishwa.

Tutazame matumizi ya kila siku. Fundi akisawazisha kiwanja, udongo ndio unaobadilika, si jembe. Timu ikisawazisha bao, iliyokuwa nyuma ndiyo inayopanda. Iliyotangulia hubaki na bao lake. Tendo huelekea upande mmoja. Basi mtumishi aliyeelezwa kwamba kanzidata na kalenda "zimesawazishwa" ana haki ya kudhani kuwa kalenda yafuata tu kanzidata. Akifuta tukio katika kalenda yake ili kupunguza msongamano, huenda kazi ikafutika pia katika kanzidata, na wenzake wote wakaikosa.

Sarufi yetu ina dawa. Vitenzi oana na patana vina kiambishi -an- cha kutendana. Kuoanisha hubeba mambo mawili: pande mbili zinatendana, na yupo anayezifanya zitendane. Kusawazisha kuna usababishi peke yake. Kwa hiyo twapendekeza kazi tatu zitengwe: kunakili, mabadiliko yanapokwenda upande mmoja, kuoanisha, yanapokwenda na kurudi, na kupatanisha, pande zote mbili zinapokuwa zimebadilisha jambo lile lile kabla ya kupashana habari.

Kazi hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa. Kiwango cha iCalendar, kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2009, hulipatia kila tukio kitambulisho cha pekee, na kimetenga nafasi ya namba inayoongezwa mwandalizi anapofanya marekebisho makubwa. Kitambulisho huiwezesha programu kutambua tukio lile lile, isije ikaunda jipya kila mara. Namba huonyesha toleo lililo jipya zaidi. Lakini mratibu akiisogeza kazi hadi Jumatano katika kanzidata, na mhusika akaisogeza hadi Ijumaa katika kalenda, namba haiwezi kuamua neno la nani lishike. Kanuni hiyo huwekwa na watu, na mwongozo unaotumia neno moja kwa kazi zote huificha.

Wako watakaosema kwamba mazoea yamekwisha kuamua. Mazoea ni hoja nzito, lakini hayamsaidii mtumishi aliyepoteza tarehe ya zabuni. Mfasiri na aulize kwanza: mabadiliko yaelekea wapi, na yakigongana nani huamua? Akishapata majibu, ndipo achague neno.