Kitendawili Kilichokwisha Kuteguliwa: Uhakiki wa Kigezo cha Udhahiri katika Hataza za Skrini Zenye Pembe ya Mwono Inayobadilika

1.0 Utangulizi

Sheria ya hataza haimpi mtu haki ya kipekee kwa sababu tu amefanya jambo jipya. Humtaka awe amefanya jambo ambalo mtaalamu wa kawaida wa fani yake asingeliona kuwa dhahiri. Nchini Marekani sharti hilo liliingizwa katika sheria iliyoandikwa mwaka 1952, katika kifungu cha 103, ingawa mahakama zilikwisha kulitumia tangu karne ya 19 katika kesi ya Hotchkiss dhidi ya Greenwood, iliyohusu vishikio vya milango vya udongo. Makala haya yanahakiki matumizi ya sharti hilo kwa kutazama skrini ambazo pembe yake ya mwono huweza kupanuliwa au kufinywa. Hoja kuu ni kwamba kasoro ya mapitio ya udhahiri haimo katika kanuni yenyewe. Imo katika mazoea ya mhakiki kusoma hati za zamani akiwa tayari amekwisha kuliona jibu. Kitendawili kikiteguliwa, kila mtoto barazani husema alikijua.

2.0 Kasoro iliyogeuka kuwa hitaji

Kwa miaka mingi wahandisi wa skrini za fuwele za kimiminika walipambana na kasoro moja: aliyeketi ubavuni aliona picha iliyofifia au yenye rangi zilizogeuka. Katika miaka ya 1990 watengenezaji walibuni njia mbalimbali za kulaza na kuelekeza fuwele ili picha ionekane vyema kutoka kila upande. Baadaye kompyuta ikaingia ndani ya ndege, katika treni na kwenye kaunta za benki, na kuonekana kutoka kila upande kukawa tatizo. Jibu la kwanza lilikuwa utando wa faragha wenye vibanzi vyembamba mno vilivyopangwa mfano wa dirisha la luva. Utando huo humficha msomaji, lakini hupunguza mwangaza. Tena hauondoki kwa kubonyeza kitufe pale wenzake wawili wanapotaka kutazama pamoja naye.

Njia mbili za kubadilisha pembe zinatosha kwa uhakiki huu. Ya kwanza hutumia taa ya nyuma inayotoa miale iliyokusanywa, na mbele yake tabaka la plastiki lenye matone ya fuwele. Umeme usipopita, tabaka hutawanya mwanga na pembe hupanuka. Umeme ukipita, tabaka huwa angavu na pembe hufinyika. Ya pili huongeza paneli nyingine ya fuwele ambayo, ikiwashwa, huharibu picha kwa watazamaji wa pembeni tu na kumwacha wa mbele bila usumbufu.

3.0 Uhakiki wa mapitio

Katika kesi ya Graham dhidi ya John Deere ya mwaka 1966, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitaka mambo manne yachunguzwe: maarifa yaliyotangulia, tofauti kati yake na dai, kiwango cha ujuzi wa kawaida, na ushahidi wa nje kama vile hitaji la muda mrefu au kushindwa kwa wengine. Mwaka 2007, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex iliyohusu kanyagio la gari, Mahakama hiyo ilikataa kanuni ngumu iliyodai lazima hati ya zamani ionyeshe waziwazi sababu ya kuunganisha vipengele. Ilisema kuwa mtaalamu wa kawaida naye ana ubunifu wa kawaida, wala si mashine.

Tuchukue dai la mfano: skrini yenye taa ya miale iliyokusanywa, tabaka la kutawanya mwanga linaloamrishwa na umeme, na swichi ya kuchagua faragha. Hati ya kwanza inaeleza taa hiyo kwa lengo la kuongeza mwangaza wa mbele. Hati ya pili inaeleza tabaka hilo kwa vioo vya madirisha ya ofisi. Mhakiki mwenye haraka atasema kila kipengele kinajulikana na kinafanya kazi yake ileile, basi dai ni dhahiri. Mwenye hataza atajibu kwamba kutawanya mwanga kunaua lengo lenyewe la hati ya kwanza. Atakumbusha kuwa mahakama ya rufaa, katika shauri la Gordon la mwaka 1984, ilikataa badiliko linalokifanya kifaa cha awali kisifae kwa kazi yake.

Majibu yote mawili yana upungufu. Jibu la mwenye hataza halitoshi kwa sababu tabaka likiwa angavu haliharibu kitu. Jibu la mhakiki nalo halitoshi kwa sababu halijasema ni nini kingemsukuma mtaalamu kuzikutanisha hati hizo. Msukumo upo, ila umo mahali pengine: utando wa luva ulikwisha kutangaza hitaji la faragha, na kutoondoka kwake kulikwisha kutangaza hitaji la swichi. Ushahidi huo ukiwekwa mezani, dai hili pana linaanguka kwa haki. Usipowekwa, linaanguka kwa bahati tu.

Njia ya pili hailingani na hiyo. Kwa miaka mingi fani nzima ilijitahidi kuiondoa athari ya pembeni, na sasa mbunifu anairudisha kwa makusudi huku akilinda mwono wa mbele. Matokeo yanategemea mwelekeo wa fuwele, unene wa tabaka na mihimili ya vichujio vya mwanga. Kusema kwamba "akili ya kawaida" ingelifika hapo ni kujaza pengo kwa maneno. Mahakama ya rufaa ilionya juu ya jambo hilo katika kesi ya Arendi dhidi ya Apple ya mwaka 2016: akili ya kawaida haiwezi kuchukua nafasi ya ushahidi pale kipengele muhimu kinapokosekana.

4.0 Kigezo hiki katika Kiswahili na katika kanda

Mkataba wa TRIPS, katika kifungu cha 27, unalitaja sharti la hatua ya uvumbuzi na kuruhusu lichukuliwe kuwa sawa na kutokuwa dhahiri, lakini haulifafanui. Nchi zimeachiwa nafasi ya kuamua kina cha sharti hilo. Kwa Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, ambazo ni wanachama wa ARIPO, uamuzi huo una uzito. Chini ya Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, nchi iliyotajwa katika ombi ina miezi sita ya kutoa pingamizi kabla hataza haijawa na nguvu ndani ya mipaka yake. Hataza dhaifu ikipita, fundi na muunganishaji wa vifaa wa Kampala au Kigali hubeba gharama yake. Hataza ya haki ikikataliwa kwa hekima ya baada ya tukio, mbunifu wa kwetu ndiye hupoteza.

Istilahi zetu huongeza mzigo huo. "Dhahiri", katika mazungumzo ya kawaida, ni kile kinachoonwa na kila mwenye macho, ilhali sheria humkusudia mtaalamu. Mtafsiri akiliacha fungu "kwa mtaalamu wa kawaida wa fani", kizingiti kinashuka, kwa kuwa mambo mengi si dhahiri kwa mpita njia. "Uvumbuzi" nao hubeba pia maana ya kufichua kilichokuwapo, jambo ambalo kwa kawaida sheria za hataza hazililindi. "Hatua ya ubunifu" ingefaa zaidi.

5.0 Hitimisho

Tunapendekeza kwamba wachunguzi wa kanda watakiwe kujibu kwa maandishi maswali matatu, kila moja na ushahidi wake: je, hitaji lilijulikana, je, nyenzo zilijulikana, na je, matokeo ya kuziunganisha yangeweza kutabirika kabla ya hati inayochunguzwa kuandikwa? Waandishi wa sheria, kwa upande wao, waandike udhahiri pamoja na mtu anayepimwa nao. Bila hayo, ofisi zetu zitaendelea kuazima majibu ya wengine pasipo kujua yalipatikana vipi.