Watu Wazima Kumi na Mtoto Mahututi

Mwaka 2013 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitoa mwongozo ulioridhia kwamba oksimita, yaani kifaa cha kidoleni kinachokadiria ni asilimia ngapi ya himoglobini imebeba oksijeni, kithibitishwe kwa watu wazima 10 wenye afya, ilimradi wawili kati yao, au asilimia 15 ya kundi likiwa kubwa zaidi, wawe na ngozi nyeusi. Uamuzi huo ulikuwa kosa la wazi, na gharama yake imebebwa na watoto mahututi.

Katika jaribio la namna hiyo, mtu aliyejitolea hupunguziwa oksijeni taratibu hadi asilimia 70, huku vidole vyake vikiwa na joto na mapigo yake yakiwa na nguvu. Mtoto aliye mahututi ana mikono baridi, mzunguko dhaifu wa damu na, mara nyingi, dawa zinazobana mishipa. Na yule mwenye kasoro ya moyo inayochanganya damu safi na chafu huishi kwa wiki nyingi kati ya asilimia 75 na 85. Watetezi wa mwongozo husema kwamba si haki kumnyima mtoto mwenye afya oksijeni kwa ajili ya utafiti, na hilo ni kweli, lakini hakuna aliyehitaji kufanya hivyo, kwa kuwa watoto wengi wa vyumba vya wagonjwa mahututi tayari wana mirija ya ateri ambayo damu yake hupimwa maabara kila siku. Watafiti Ross, Newth na Khemani walifanya ulinganisho huo kwa watoto 225 na kuuchapisha mwaka 2014: oksimita ilipoonyesha asilimia 81 hadi 85, kwa kawaida ilizidisha kwa pointi 6, na kipimo cha jumla cha makosa kikafikia 9.1, mara tatu ya kikomo cha 3 ambacho mwongozo unakubali kwa vifaa vya kubana kidoleni.

Ugunduzi wa Takuo Aoyagi wa mwaka 1974, wa kutenga mapigo ya ateri kwa mwanga, ambao ndio msingi wa oksimita, unabaki imara. Kilichopotea ni nidhamu ya mtafiti John Severinghaus, ambaye mwaka 1987, pamoja na mwenzake Naifeh, alipambanisha oksimita sita na damu yenye upungufu mkubwa wa oksijeni, ingawa naye alitumia watu wazima. Kabla ya jaribio hilo la Severinghaus, kifaa cha sikioni cha Hewlett-Packard cha mwaka 1976 kilitumia mawimbi manane ya mwanga. Oksimita ya kawaida ya leo hutumia mawili, na jedwali linalogeuza mwanga kuwa asilimia bado ni siri ya mtengenezaji.

Rasimu mpya ya mwongozo wa FDA ya Januari 2025 inadai watu wengi zaidi na upimaji bora wa rangi ya ngozi. Inakuja baada ya utafiti wa Sjoding na wenzake wa mwaka 2020 kuonyesha kwamba, miongoni mwa watu wazima ambao oksimita iliwapa asilimia 92 hadi 96, upungufu uliofichika, yaani ule unaoonekana kwenye kipimo cha damu lakini si kwenye oksimita, ulikutwa katika asilimia 11.7 ya vipimo vya weusi na 3.6 ya weupe. Katika hospitali nyingi za wilaya za Afrika Mashariki, ambako hakuna mashine ya gesi za damu na watoto wengi wana ngozi nyeusi, kizingiti cha asilimia 90 cha Shirika la Afya Duniani cha kuanza kumpa mtoto oksijeni husomwa kutoka kwenye oksimita peke yake.